Marahaba ya Mashine

Mimi si kiziwi. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana Lushoto nzima, kuanzia sokoni hadi bomani, inaamini kwamba masikio ya Mzee Hashimu yamekufa, na kwa miaka mitatu niliwaacha waamini hivyo. Wananipigia kelele kana kwamba wanamfukuza mbuzi kwenye kabichi. "MZEE HASHIMU, SHIKAMOO!" Nami nashika sikio, naitikia nusunusu, napita. Sasa mtu akiona lazima apasue koo ndipo akusimulie habari za mvua, siku ya tatu hakusimulii tena. Ndivyo nilivyobaki peke yangu. Nilijitakia mwenyewe, simlaumu mtu.

Kisa kilianza siku ya Idd. Mke wangu Hidaya alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka mmoja kabla, na mtoto tulikuwa naye mmoja tu, Mwanaisha. Mwanaisha akaolewa bomani na kijana wa Kilutheri aitwaye Sefania, bila kuniambia neno. Habari nilizipata sokoni Soni kwa muuza vitunguu, aliyenishika mkono akacheka, "Hongera, mzee, nasikia umepata mkwe!" Mkwe! Nilimwachia vitunguu vyake nikapanda gari na kikapu kitupu. Iliniuma, jamani. Suala la dini liliniuma, sikatai, lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba muuza vitunguu alijua kabla yangu.

Basi Idd ile nyumba ilikuwa imejaa watu, pilau limeshapakuliwa. Mwanaisha akasimama mlangoni na mumewe nyuma yake. Mimi nilikuwa nimeshika redio, natafuta stesheni.

"Shikamoo, baba," akasema.

Nikazungusha kitufe cha redio.

"Shikamoo, baba."

Nikazungusha tena. Mara ya tatu sauti ilimkatika katikati, ikatoka "shika" tu, hiyo "moo" ikabaki kooni. Kwetu, mtoto akikuamkia nawe usiitikie, umemtoa kwenye watu. Hata yule mnayegombania mpaka wa shamba utamwitikia kwanza, ndipo mwendelee kugombana. Mwanaisha akavaa viatu vyake pale barazani, wakashuka na njia.

Jirani yangu Bakari, mtu wa kupenda amani hata pasipo na amani, akawaambia wageni, "Msimfikirie vibaya, mzee hakusikia. Zile mashine za posta zilimharibu masikio." Watu wakashusha pumzi, wakarudi kwenye pilau. Nami nikanyamaza. Uongo uliletwa kwenye sahani, nikaula na kunawa mikono. Kuanzia siku ile nikawa kiziwi.

Hizo mashine alizozisema Bakari zilikuwepo kweli. Nilikaa miaka ishirini na sita kwenye dirisha la simu za maandishi. Nyie vijana hamzijui. Mtu alikuja na karatasi, mimi nagonga maneno kwenye mashine, yanatokea Tanga au Dodoma. Kila neno lilikuwa na bei yake, na watu wetu wa milimani, adabu tele, walianza na salamu ndefu: Shikamoo baba, natumaini u mzima, sisi huku hatujambo, mama ni mgonjwa njoo. Nilikuwa nachukua kalamu nyekundu nakata. "Salamu hizi za nini, mama? Mama mgonjwa njoo. Yatosha." Niliona nawasaidia. Mamia ya shikamoo nimezikata mimi kwa mkono huu. Kisha zikaja zama za kuuza na kugawa mashirika, dirisha likafungwa, nasi tukaitwa tukaambiwa tumepunguzwa. Neno lenyewe ndilo hilo, kupunguzwa. Aliyekuwa akipunguza maneno ya watu akapunguzwa mwenyewe.

Nyumba yangu iko juu, njia ya Magamba, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu huingia hadi jikoni. Kuna asubuhi nilikuwa nachemsha chai vikombe viwili kwa mazoea, kisha namwaga kimoja. Siku moja nikajiambia, Hashimu, utakuja kuongea na kuku. Nikashuka mjini.

Pale karibu na soko Efrazia alikuwa amefungua chumba cha intaneti, kompyuta sita na simu ya waya. Efrazia ni mwanamke wa Kilutheri wa umri wa binti yangu, mdomo wake hauna breki, moyo wake mzuri. Aliniona nimesimama nje naangalia watu wakigonga vibao vya herufi, akaniita kwa sauti ya kufukuza nyani: "SHIKAMOO MZEE! KARIBU UKAE! HAPA HAPANA HAJA YA KUSIKIA!" Na kweli. Kompyuta haikupigii kelele wala hushiki sikio mbele yake. Nikakaa.

Kulikuwa na Mdeni mmoja, mzungu wa Denmark, aliyekuja kujitolea chuoni, naye alikuwa akifundisha pale kwa Efrazia lugha ya kompyuta iitwayo Perl. Wenzangu kwenye darasa walitoroka wiki ya pili. Mimi niliipenda, maana Perl ni lugha ya kuchezea maneno: tafuta neno hili, likate, weka lile. Hiyo si kazi yangu ya miaka ishirini na sita? Mdeni alipoondoka aliniachia kitabu chake, kimechakaa, kina alama za kahawa.

Na uzuri wa Perl ni kwamba hujengi nyumba yote mwenyewe. Wako watu duniani wanaandika vipande vya kuongezea, moduli wanaziita, wanaziweka kwenye ghala moja la mtandaoni, nawe unachukua bure unapachika kwenye tovuti yako. Mimi niliviita vipachiko. Kipachiko cha kumtambua mgeni aliyeingia, kipachiko cha fomu, kipachiko cha kutunza maneno. Tabu ni kwamba kipachiko hakiji peke yake. Ukikiomba kinakwambia kinataka wenzake tisa, na kila mmoja anao wa kwake, mithili ya mgeni wa harusi. Asubuhi nzima tunavuta kimoja kwa waya wa simu, umeme unakatika, tunaanza upya. Nilikuwa nawaza, hata kipachiko kina jamaa.

Mwaka 2005 Efrazia akaniambia, kwa kelele za kawaida, kwamba Washambaa waliotawanyika, walioko Dar, Tanga, Maskati, hata Ulaya, wanatafuta mahali pa kukutana mtandaoni. Nikawajengea tovuti, tukaiita Baraza la Mlimani. Watu wakawa wanaingia, wanaulizana habari za mvua na bei ya mapeasi. Lakini kulikuwa na jambo lililonikera mno. Walikuwa wanaingia kimya! Kijana wa miaka ishirini anafungua mlango wa baraza la watu wazima, hana hodi, hana shikamoo, anaanza tu, "Nani ana picha za Irente?" Mtoto wa nani wewe?

Katika ghala lile hapakuwa na kipachiko cha adabu. Nikaandika changu, nikakiita Salamu. Ukijiandikisha unataja mwaka uliozaliwa. Ukiwa umenizidi umri, mimi ni wa 1946, ukurasa unakuamkia wewe: Shikamoo. Ukiwa mdogo wangu, baraza halifunguki. Unaona kisanduku kitupu, na mpaka uandike shikamoo ndani yake, utakaa hapo hapo. Ukishaandika, papo hapo unajibiwa na mlango unafunguka. Na jibu lenyewe niliandika hivi: "Marahaba, karibu. Mzee Hashimu."

Hapo kwenye jina ndipo nilipokosea. Wala halikuhitajika. Ilikuwa majivuno tu.

Watu walicheka, wakalalamika, kisha wakakipenda. Yuko mmoja wa Maskati aliandika kwamba ana miaka kumi na mitano hajaitikiwa marahaba na mtu wa kwao, ametokwa na machozi ofisini. Na mimi, nisiseme uongo, nilikuwa nashuka kila Ijumaa baada ya swala kufungua daftari la mashine, linalotunza kila salamu na jibu lake, na kuhesabu nimeamkiwa mara ngapi wiki hiyo. Mia moja na nne. Mia moja thelathini. Majina yao sikuyasoma, nilitaka idadi tu. Nyumbani hapakuwa na wa kuniamkia ila Bakari, naye tuko sawa kwa umri.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane Efrazia akasema kompyuta yake kubwa imejaa, nifute yasiyo na kazi. Nikafungua daftari la Salamu ili nikate ya zamani. Kazi ya kukata naijua. Mara hii nikalazimika kusoma majina, ndipo macho yakagonga: Mwanaisha Hashimu, Mbeya.

Nilivua miwani, nikaifuta, nikavaa tena. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa tatu, tarehe kumi na nne.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, karibu. Mzee Hashimu."

Chini yake, siku hiyo hiyo: "Baba? Ni wewe? Umeniitikia? Shikamoo tena basi, nisikie vizuri."

"Marahaba, karibu. Mzee Hashimu."

Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Kila siku ya kazi, asubuhi, kabla hajaanza kazi yake ya maktaba. Kipachiko changu kilitafuta neno moja tu, shikamoo, kikilipata kinaitika. Kile kisanduku kidogo cha salamu, yeye akakifanya barua.

"Shikamoo baba. Huku Mbeya kuna baridi kama ya kwetu, juzi nimelia bila sababu nilipoona ukungu."

"Marahaba, karibu. Mzee Hashimu."

"Shikamoo baba. Najua hupendi maneno mengi, ulikuwa unayakata. Mimi nitaandika tu, wewe niitikie."

"Marahaba, karibu. Mzee Hashimu."

"Shikamoo baba. Tumepata mtoto. Wa kike. Sefania ndiye aliyesema tumwite Hidaya, jina la mama. Umekubali?"

"Marahaba, karibu. Mzee Hashimu."

Nilishika meza. Mjukuu! Nina mjukuu, ana jina la mke wangu, na mimi siku ile sijui nilikuwa wapi, labda napalilia maharage, labda namwaga kikombe cha chai.

"Shikamoo baba. Mtoto ana homa, tuko hospitali siku ya tatu. Niombee dua. Sema neno moja lingine baba, lolote."

"Marahaba, karibu. Mzee Hashimu."

Hapo nilisema kwa sauti, "Nyamaza wewe!" Watu wakageuka. Nilikuwa naiambia mashine.

Siku mbili baadaye: "Shikamoo baba. Mtoto ametoka, hajambo." Mashine inajibu. Kisha, siku hiyo hiyo, dakika moja baadaye, akaandika mstari mmoja.

"Shikamoo ng'ombe."

"Marahaba, karibu. Mzee Hashimu."

Baada ya hapo hakuna. Siku kumi na mbili, kimya. Alikuwa ameijaribu mashine, ikaumbuka. Nilielewa alivyokaa mbele ya jibu lile. Miezi mitano alidhani baba yake amelainika, anaketi kila asubuhi Lushoto kumngoja. Kumbe anaongea na kibao. Safari hii sikumnyima marahaba. Nilimpa nyingi, zote za bandia, na sijui kipi kibaya zaidi.

Efrazia aliniona nalia. Akaja, akasoma juu ya bega langu, akavuta kiti. Kwa mara ya kwanza hakupiga kelele, alisahau.

"Mzee, huyu si binti yako?"

"Ndiye."

"Alipojiandikisha aliacha anwani ya barua pepe. Mwandikie."

"Mimi? Nianze mimi?" nikasema. "Mtoto ndiye anayeanza. Tangu dunia iumbwe mtoto ndiye anayeamkia."

"Na huyu ameanza mara ngapi, mzee? Hebu hesabu, wewe si unapenda kuhesabu?"

Nilikasirika, nikachukua kofia yangu nikatoka. Nilipanda ile njia ya Magamba kwa hasira hadi pumzi ikanikatika kwenye kona, na hasira ikaishia hapo hapo. Hakuna cha kuifanyia hasira ukiwa peke yako kilimani. Nyumbani niliweka chai. Vikombe viwili.

Jumatatu nikarudi kwa Efrazia. Kwanza nilitoa lile jina langu kwenye kipachiko. Nikaandika badala yake: "Marahaba, karibu. Hii ni mashine ya baraza." Kisha nikafungua barua pepe. Nilikaa kutwa. Mzee haandiki shikamoo kwa mtoto wake, hilo haliwezekani hata kwa toba. Lakini ipo salamu ambayo mkubwa anaweza kuianza, sisi wakali tunaisahau tu. Nikaandika:

"Hujambo, Mwanaisha?"

Basi. Nikatuma. Jumanne hakuna. Jumatano hakuna. Alhamisi Efrazia akawa ananipa chai bila kuniuliza kitu. Nikaanza kufikiri homa imemrudia mtoto ikamuua, au anwani imefungwa, au ameniona tu akafuta, kama nilivyokuwa nafuta mimi. Niwaambie ukweli, niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ile ya kupunguzwa.

Ijumaa jibu likaja. Halikuwa na salamu.

"Ni wewe, au ni mashine?"

Nilicheka, kisha sikucheka. Ningemjibuje? Ningeandika "ni mimi, baba yako", mashine nayo ingeweza kuandika hivyo, ningeifundisha kwa mstari mmoja. Ningemtajia jina la kuku wake wa utotoni, au kovu la goti lake. Lakini yeye hakuwa anauliza hayo. Miaka mitatu alikuwa na swali moja, naye alijua ni mtu mmoja tu duniani mwenye jibu lake. Kila mtu Lushoto alikuwa ameshamjibu kwa niaba yangu: baba yako hakusikia, ni masikio. Bila shaka alipotoka mlangoni kwangu alijishikiza hapo. Labda hakusikia. Ndiyo maana alirudi kuniamkia kwenye kisanduku.

Nikiandika kweli, naweza kumkosa kabisa. Nikiandika uongo wa Bakari, nitabaki na mtoto anayempenda kiziwi.

Niliandika polepole, kwa kidole kimoja, mimi niliyekuwa nagonga maneno sitini kwa dakika. Nilipomaliza nikamwita Efrazia anitazamie kama kuna kosa, maana macho yalikuwa yamejaa maji.

Akainama, akasoma kwa sauti ya chini:

"Ni mimi. Siku ile ya Idd nilikusikia. Nilikusikia mara zote tatu. Masikio yangu ni mazima, roho ndiyo ilikuwa mbovu. Marahaba, mwanangu. Marahaba, mwanangu. Marahaba, mwanangu. Mbusu Hidaya. Msalimie Sefania."

Kisha akanigeukia, macho yamemtoka.

"Mzee Hashimu! Kumbe unasikia?"

"Nasikia."

"Miaka yote hii mimi napasua koo langu?"

"Nisamehe, mama."

Alitaka kucheka, alitaka kunigombeza, vyote vikamshinda. Akarudi kwenye kioo, akaweka kidole chake kwenye mstari.

"Hapa umeandika marahaba mara tatu, mzee. Nadhani mkono umeteleza. Nifute mbili?"

"Ziache," nikamwambia. "Usifute hata moja."